Nyakakika Hewani, Nyakakika Mtandaoni: Tumeifungua Redio Fadeco Ndani ya Redio Tadio

Niseme mapema, maana siwezi kungoja aya ya mwisho: redio ya jamii ya Karagwe kuingia ndani ya simu ni jambo kubwa. Ni kubwa kwa mkulima wa Nyakakika, ni kubwa kwa kijana wa Kyerwa anayesoma Dodoma, ni kubwa kwa mama wa Bugene aliyeolewa Mwanza ambaye anataka kujua kahawa ya nyumbani inauzwaje msimu huu. Redio Fadeco, 100.8 FM, ile ile inayosikika kwenye vibanda vya Omurushaka na kwenye baraza za Kayanga, ina makazi ya pili ndani ya Redio Tadio, jukwaa la mtandaoni linaloziweka redio za jamii za Tanzania Bara na Zanzibar chini ya paa moja. Unafungua, unachagua redio, unasoma habari za wilaya, kisha unabonyeza na kumsikia aliyehojiwa kwa sauti yake mwenyewe.

Kumsikia kwa sauti yake! Hapo ndipo niliposhikwa. Habari ya gazeti inakuambia mkulima kasema hivi, diwani kajibu vile. Hapa unamsikia mkulima mwenyewe, na Kiswahili chake chenye mwendo wa Kinyambo, lugha ya kwetu, anavyovuta pumzi kabla ya kutaja bei aliyouzia, na jogoo wake nyuma anayeingilia mahojiano. Hicho ni kitu ambacho redio kubwa za Dar es Salaam haziwezi kukupa hata zikitaka, kwa sababu hazina mtu kijijini wa kushika kinasa sauti.

Kwa msomaji ambaye hajafika kwetu, tuwekane sawa kidogo. Nyakakika ni kata ya wilaya ya Karagwe, mkoa wa Kagera, kaskazini magharibi kabisa mwa nchi. Ni nchi ya vilima na mabonde, ya migomba inayozunguka nyumba, ya kahawa aina ya robusta na maharage yanayojaza malori. Jirani zetu ni Rwanda na Uganda. Kyerwa, wilaya ya kaka na dada zetu, ilikuwa sehemu ya Karagwe mpaka ilipokatwa na kuwa wilaya kamili mwaka 2012, lakini hakuna aliyekata undugu: soko ni lile lile, misiba ni ile ile, na ukipanda gari Omurushaka kuelekea Nkwenda na Murongo husikii umebadilisha wilaya mpaka usome kibao.

Ukiwa mpakani, redio ina tabia moja ambayo kila mwenyeji anaijua. Unazungusha kitufe kutafuta habari za nyumbani, unakutana kwanza na Mganda, halafu Mnyarwanda, na sauti zao zinakuja safi. Habari za Tanzania unazipata, ndiyo, lakini ni habari za Bunge, za mawaziri, za Simba na Yanga. Ni habari zetu pia, tunazipenda na tunazibishania. Ila hakuna hata mmoja kati ya watangazaji hao atakayekuambia kama daraja la mtoni limepitika leo, kama chanjo ya watoto imefika zahanati, au chama cha msingi kimeanza lini kupokea kahawa. Serikali yenyewe iliona pengo hilo, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukigharamia upanuzi wa matangazo ya TBC kwenye maeneo ya mipakani. Hatua nzuri hiyo. Lakini TBC ni ya taifa zima. Redio inayokujua kwa kata yako ni jambo lingine.

Na redio hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Utangazaji nchini ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na kwa miaka zaidi ya arobaini hewa ilikuwa ya serikali. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa wengine. Mwaka 1995, baada ya wakimbizi wa Rwanda kumiminika Ngara, shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera, na ukanda wetu ukapata redio iliyozungumza na watu wa hapa kuhusu mambo ya hapa. Kisha, mwaka 2007, Karagwe ikapata ya kwake. Joseph Sekiku, aliyekuwa tayari anaongoza shirika la FADECO na kusaidia wakulima kupata maarifa ya kilimo, usindikaji na masoko, aliwasha redio ya jamii. Tazama mpangilio huo: walianza na mkulima, ndipo wakajenga studio. Wengi hujenga studio kwanza halafu hutafuta wa kumwambia. Mpangilio wa Fadeco unasikika mpaka leo kwenye kila taarifa ya habari, na ndiyo maana mimi ni shabiki na sina mpango wa kuacha.

Sasa twende kwenye jukwaa lenyewe.

Kitu cha kwanza kinachokupiga ukifungua ni majina. Redio Tadio, jukwaa la mtandao wa redio za jamii uliokua kutokana na COMNETA, mtandao wa awali wa vyombo vya habari vya jamii, inapanga redio moja moja, na kila redio ina habari zake. Unaona redio za kanda ya ziwa, za kusini, za Pemba na Unguja, zote zikiwa na habari zilizoandikwa na watu wanaoishi hapo hapo. Ukiingia upande wa Kagera, macho yanaanza kutambua: Kayanga, Nyaishozi, Nyakahanga, Ihembe, Bweranyange. Jamani! Kata zetu zimeandikwa kwenye vichwa vya habari kwa herufi kubwa, pamoja na jina la mwandishi na mahali alipo. Kwa miaka mingi Karagwe imekuwa ikiandikwa kitaifa pale tu panapotokea ajali au ugonjwa. Hapa inaandikwa siku ya kawaida, kikao cha kawaida, shule iliyopata madawati, wazazi waliochanga chakula cha mchana cha wanafunzi.

Na habari haifi. Hili nalipigia mstari mara mbili. Redio ya hewani ina uzuri wake, lakini taarifa ya saa saba mchana ikikupita ukiwa shambani, imekupita. Utategemea jirani akusimulie, na jirani naye husimulia kipande kilichomgusa. Mtandaoni taarifa ile ile inakusubiri. Unairejea jioni, unairudia, unamtumia shemeji yako kwenye WhatsApp, unamwonyesha mwenyekiti wa kitongoji: tazama, alisema mwenyewe, sikiliza. Kiongozi aliyetoa ahadi hewani sasa ahadi yake ina tarehe na ina sauti. Sijui kitu kingine kinachoweza kuongeza uwajibikaji wa kijiji kwa gharama ndogo kiasi hiki.

Tuje kwenye kahawa, maana Karagwe bila kahawa hakuna mazungumzo. Sehemu kubwa ya kahawa yetu inapita vyama vya msingi, yaani AMCOS, na juu yao kuna chama kikuu cha ushirika cha KDCU, kilichoanzishwa mwaka 1990 na kinachohudumia Karagwe na Kyerwa. Siku hizi kahawa inauzwa kwa mnada, na bei ya mnada mmoja si bei ya mnada unaofuata. Mkulima anayekausha kahawa yake ya maganda uani anahitaji kujua mambo matatu tu: mnada umefanyika lini, kilo imekwenda kwa shilingi ngapi, na makato ni kiasi gani. Ukimpa hayo matatu kwa wakati, umemwokoa na mtu mmoja hatari sana, naye ni mnunuzi wa butura.

Butura kila mtu wa Kagera anaijua. Mkulima amebanwa na ada ya shule au matibabu, kahawa bado ni maua mtini. Anakuja mwenye fedha, anamkatia bei ya kutupa, na msimu ukifika gunia ni la mwenye fedha. Serikali imeipiga vita miaka nenda rudi pamoja na magendo ya kuvusha kahawa kwenda ng'ambo. Lakini askari hawezi kusimama kwenye kila mti wa kahawa. Anayeweza kufika kwenye kila uwanja ni redio. Mkulima anayesikia bei ya mnada kila unapofanyika anajua thamani ya maua yaliyo juu ya mti wake, na mtu anayejua thamani ya mali yake habembelezwi kirahisi. Ndiyo maana ninapoona habari za ushirika, za malipo ya wakulima na za mikutano ya AMCOS zikiandikwa kwa utulivu na kwa ufuatiliaji, nasema hii ndiyo kazi yenyewe ya redio ya jamii.

Migomba nayo. Ugonjwa wa unyanjano, mnyauko wa bakteria, uliripotiwa Kagera mwaka 2006, na aliyeshuhudia shamba lake likinyauka hatasahau: ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizikata ndani zimebadilika rangi, na usaha wa njano unatoka kwenye shina. Hakuna dawa ya kuutibu mgomba ulioshikwa. Kinga ndiyo kila kitu: kukata ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kuchoma kisu kwenye moto au kukisafisha kwa dawa ya madoa kabla ya kuhamia mgomba mwingine, kung'oa ulioumwa, na kutochukua machipukizi shamba usilolijua. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Maruku, karibu na Bukoba, wana maarifa haya tangu zamani. Shida haijawahi kuwa maarifa. Shida ni umbali kati ya Maruku na Nyakakika. Bwana shamba mmoja na pikipiki moja hatafika kila kitongoji, hata awe na moyo kiasi gani. Kipindi cha kilimo kinafika vyote kwa saa moja, na mkulima anapiga simu studio kuuliza kuhusu mgomba wake mwenyewe, na swali lake linakuwa somo la wilaya nzima.

Nchi hii imewahi kuthibitisha nguvu hiyo kwa kiwango cha kushangaza. Mwaka 1973 Redio Tanzania ilibeba kampeni ya Mtu ni Afya: watu walikusanyika kwenye vikundi vijijini, wakasikiliza pamoja, wakajadili, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Washiriki walikadiriwa kufika milioni 2. Mwaka 1993 ukaja mchezo wa redio wa Twende na Wakati, uliozungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI, na watafiti wakaupima kwa kulinganisha maeneo uliposikika na eneo la Dodoma ambako kwa miaka ya mwanzo haukurushwa. Walikuta mabadiliko ya kweli katika tabia za watu. Kwa hiyo anayesema redio ni starehe tu ajue kwamba Tanzania ina ushahidi wake, umepimwa, umeandikwa. Redio za jamii ndizo warithi halali wa kazi ile, na nafurahi hadharani kwamba urithi huo umefika Karagwe.

Afya inanipa hoja nyingine, nzito zaidi. Kagera imepitia mambo. Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa mkoa, likaua watu na kubomoa nyumba na shule. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Bukoba Vijijini, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, na watu 6 wakapoteza maisha kabla haujatangazwa kuisha mwezi Juni. Januari 2025 ukarudi, safari hii Biharamulo, na kutangazwa kuisha Machi 13. Siku kama hizo uvumi hukimbia kuliko bodaboda. Mmoja anasema ni uchawi, mwingine anasema ukienda hospitali hurudi. Nani atasikilizwa? Taarifa ya wizara ni muhimu, lakini inasikika vizuri zaidi inaposomwa na sauti ambayo watu wameizoea, sauti iliyowatangazia mazishi ya babu yao na mkutano wa shule yao. Mtangazaji wa jirani akisema nawa mikono, usiguse maiti, piga simu zahanati, watu wanatii. Imani hiyo haijengwi siku ya hatari. Inajengwa siku zote za kawaida, taarifa kwa taarifa, na ndiyo maana hata habari ndogo ya madawati ina uzito wake.

Nisisahau matangazo madogo. Wageni huyapuuza, wenyeji tunayangoja. Nani amefariki, mazishi saa ngapi, wanaojulishwa ni ndugu wa wapi na wapi. Nani kapoteza vyeti kwenye gari. Ng'ombe gani kaonekana bila mwenyewe. Kikundi gani cha kina mama kinakutana kugawana hisa. Ukisikiliza orodha ya majina ya vijiji kwenye tangazo moja la msiba, unapata ramani ya ukoo mzima, kutoka Karagwe mpaka Kyerwa, Misenyi na ng'ambo ya mto Kagera. Hilo halipo kwenye redio ya taifa, na halitakuwepo. Ni letu.

Sasa mambo ya kiufundi, maana najua mnataka kununua bando leo leo.

Mawimbi ya FM husafiri karibu na mstari ulionyooka. Mnara ukikuona, unasikia. Kilima kikikaa katikati, unasikia miruzi. Kwa nchi ya vilima kama yetu, maana yake ni kwamba nyumba mbili za kitongoji kimoja zinaweza kupata usikivu tofauti kabisa, ya juu ikicheka na ya bondeni ikihangaika na antena. Mtandao unaziba pengo hilo popote penye mnara wa simu. Lakini mtandao una gharama. Matangazo yakirushwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, saa moja ya kusikiliza inakula takriban megabaiti 29. Kwa mwenye mshahara si kitu. Kwa anayenunua bando la siku ni hesabu. Ushauri wangu: hewani inapokamata, sikiliza hewani, bure kabisa. Hata kiswaswadu cha kawaida kina redio ya FM ndani, unachomeka visikilizio vinakuwa antena, na hakidai senti ya bando. Mtandao utumie kwa habari zilizoandikwa, ambazo ni nyepesi, na kwa vipande vifupi vya sauti unavyotaka kurudia. Mlio mbali, nyie wa Arusha, Kampala, Muscat na Toronto, hamna hewa ya kwetu huko, basi jimwageni mtandaoni bila wasiwasi!

Ubora wa habari je? Nimefurahishwa, na nina sababu. Habari nzuri za redio ya jamii zina umbo moja linalopendeza: tukio, mahali, mwananchi anasema, mtaalamu anaeleza, kiongozi anajibu. Hakuna maneno ya mapambo. Mwananchi anatangulia kusema, na mara nyingi ndiye anayebeba uzito wa habari. Nyuma ya umbo hilo kuna mafunzo. UNESCO, kwa fedha za Sweden, iliendesha kwa miaka kadhaa mradi wa kuzipa redio za jamii za Tanzania, Fadeco ikiwemo, vifaa vya mawasiliano na ujuzi: kompyuta, simu za kurekodia, namna ya kutuma habari kutoka kijijini hadi chumba cha habari bila mwandishi kupanda gari. Unaona matunda yake leo. Mwandishi yuko kikaoni, anarekodi kwa simu, anatuma, mhariri anakata, inasomwa hewani na kubandikwa mtandaoni siku ile ile. Mwendo huo zamani ulikuwa wa mashirika makubwa tu.

Na waandishi hao ni akina nani? Wengi ni vijana. Redio za jamii nchini zimekuwa zikiendeshwa kwa kiasi kikubwa na watu wa kujitolea au wanaolipwa posho ndogo, kwa sababu matangazo ya biashara yanayoingia wilayani ni machache. Kijana anajifunza kuuliza, kusikiliza, kuhakikisha jina limeandikwa sawasawa, kumrudia diwani ambaye hakujibu swali. Binti anayesikika leo akihoji ofisa wa wilaya anawaambia mabinti wengine wa Nyakakika, bila kutoa hotuba, kwamba swali lao nalo lina mahali pa kuulizwa. Nawavulia kofia. Wanastahili kulipwa vizuri, na nalisema hili kwa wenye maduka, wenye saccos, wenye shule binafsi na halmashauri zote mbili: leteni matangazo yenu hapa. Fedha ya tangazo inayobaki Karagwe inarudi Karagwe kama habari.

Ninachotamani kukiona kikikua zaidi? Mambo matatu, na nayasema kwa upendo. Kwanza, bei za mazao ziwe na sehemu moja ya kudumu, kahawa, maharage, ndizi na mahindi, kwa tarehe, ili mkulima aone bei ilivyopanda na kushuka tangu msimu uanze. Akiba ya namna hiyo ikikaa miaka mitano itakuwa hazina hata kwa watafiti. Pili, vipindi vizima vya kilimo na afya vihifadhiwe kama vinavyohifadhiwa vipande vya habari. Somo la unyanjano halizeeki. Tatu, wazee. Karagwe ni nchi ya Bweranyange, makao ya wafalme, nchi ambayo mtawala wake Rumanyika aliwapokea wasafiri Speke na Grant mwaka 1861. Wapo wazee wenye simulizi za koo, za ngoma, za njia za zamani za biashara, na kila mwaka tunazika baadhi yao. Kinasa sauti kipo, jukwaa lipo, vijana wapo. Wakirekodiwa sasa, wajukuu walio Dar es Salaam watawasikia. Wasiporekodiwa, hakuna kituo kingine duniani kitakachoifanya kazi hiyo.

Linganisha na kilichopo kwingine. Redio kubwa za kibiashara zina muziki bora, watangazaji mashuhuri na zawadi za simu. TBC ina taifa lote mgongoni na inabeba yale yanayotuunganisha. Mitandao ya kijamii ina kasi, lakini haina mhariri. Picha ya mafuriko ya nchi nyingine inaweza kuzunguka Kayanga nzima kabla ya chai ya asubuhi. Redio ya jamii iliyo hewani na mtandaoni ina kasi inayotosha, ina mhariri unayeweza kumfuata ofisini kwake ukalalamika, na ina mipaka ya kijiografia inayoifanya isikusahau. Siku ya Redio Duniani, Februari 13, husherehekewa kila mwaka tangu 2012, na bado wapo wanaosema redio inakufa. Anayesema hivyo aje Karagwe wakati wa taarifa ya habari, apite njiani kwa miguu. Atasikia habari nzima, kutoka nyumba hadi nyumba, bila kukosa sentensi.

Hukumu yangu? Nyakakika ilikuwa mahali pa kupokea habari. Sasa ni mahali panapotoa habari, na habari hizo zinasomeka popote duniani. Hilo ndilo jipya, na kwangu ni kubwa kuliko mtambo wowote au programu yoyote ya simu. Fadeco hewani ni nguzo. Fadeco ndani ya Redio Tadio ni nguzo yenye kumbukumbu. Zote mbili pamoja ni bora kuliko chochote tulichowahi kuwa nacho wilayani kwa kazi ya kujuana na kuwajibishana.

Sasa zamu yako, msomaji. Tega 100.8 ukiwa Karagwe au Kyerwa. Fungua Redio Tadio ukiwa mbali. Kisha usiishie kusikiliza. Kama wewe ni mwalimu, watumie habari ya shule yako. Kama ni katibu wa AMCOS, wape bei siku ile ile ya mnada. Kama ni mganga wa zahanati, wapigie kabla uvumi haujakutangulia. Kama ni mkulima, piga simu studio uulize swali lako kwa sauti, kwa sababu kuna wenzako mia wanaolingoja. Redio ya jamii hutangaza kile ambacho jamii imeiletea. Ipelekeeni.